Padri Haüy na Jiwe Lililovunjika

1. Mtoto wa mfumaji

Upande wa kaskazini wa nchi ya Ufaransa pana mji mdogo uitwao Saint-Just-en-Chaussée. Hapo alizaliwa René Just Haüy, tarehe 28 Februari 1743. Jina lake husomwa Aui. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo za kitani, naye alikuwa maskini. Kama mambo yangalifuata desturi ya siku zile, mtoto huyu naye angalikaa mbele ya mtambo wa kufumia maisha yake yote.

Lakini karibu na nyumba yao palikuwa na monasteri. Mtoto René Just alipenda sana nyimbo za kanisani, wala hakukosa ibada. Mkubwa wa monasteri akamwona mara nyingi, akaanza kumwuliza maswali, akatambua kwamba mtoto ana akili. Basi akawaagiza watawa wake wamfundishe kusoma na kuandika. Mtoto akaendelea upesi. Ndipo watawa wakamshauri mama yake ampeleke Paris, mji mkuu, kwenye shule kubwa.

Mama akakubali, ingawa fedha hana. Huko Paris hawakupata shule mara moja. Kwanza mtoto alipata nafasi ya kuimba katika kanisa moja la mtaa wa Saint-Antoine. Alijifunza muziki vizuri, akaupenda mpaka uzee wake. Baadaye watu wema walimsaidia, akapokelewa katika shule ya Navarre bila kulipa. Alisoma kwa bidii, na alipomaliza, wakubwa wa shule ile wakamweka awe mwalimu hapo hapo. Mwaka 1770 alipata upadri. Kisha akahamia shule nyingine ya Paris, iliyoitwa Cardinal Lemoine, akafundisha Kilatini.

Hata hapo, watu hawakudhani kwamba jina lake litajulikana. Alikuwa padri mpole, mwenye afya dhaifu na mavazi ya kizamani, akifundisha watoto sarufi.

2. Maua na mawe

Katika shule ile alikuwapo padri mwingine, Lhomond, mwandishi wa kitabu cha sarufi ya Kilatini kilichotumiwa na watoto wengi wa Ufaransa. Padri Lhomond alipenda mimea. Kila alipotoka kutembea alichuma majani na maua, akayatazama na kuyataja majina. Haüy alimpenda rafiki yake, akataka kumfurahisha. Kwa hiyo naye akajifunza habari za mimea.

Siku moja Haüy aliingia katika bustani kubwa ya mfalme, mahali palipotunzwa mimea ya nchi nyingi. Akaona watu wengi wakienda kumsikiliza mtaalamu Daubenton akieleza habari za mawe na madini. Akafuatana nao. Mambo aliyosikia yakamwingia moyoni, akawa mwanafunzi tena, ingawa alikuwa mtu mzima na mwalimu.

Hapo ndipo swali moja lilipoanza kumsumbua. Katika mimea, ua la aina moja lina umbo lake. Ukichuma maua mia ya mti mmoja, utaona petali zile zile, kwa hesabu ile ile na kwa mpango ule ule. Lakini mawe hayakuwa hivyo. Lilikuwako jiwe jeupe liitwalo kalisiti, ambalo ni asili ya chokaa. Jiwe hili huonekana mara nyingi kwa umbo la fuwele. Fuwele ni kitu kigumu kilichojijenga chenyewe, chenye nyuso bapa na kingo zilizonyoka kama zimechongwa na fundi, lakini hakuna fundi aliyezichonga. Sasa, kalisiti moja ilikuwa nene kama nguzo ya pande sita, nyingine ilichongoka kama jino la nguruwe, nyingine ilikuwa bapa. Jiwe ni lile lile, lakini maumbo ni mengi. Kwa nini mche mdogo wa shambani ushike sheria, na jiwe lisishike?

3. Jiwe laanguka

Karibu na mwaka 1780, Padri Haüy alimtembelea bwana mmoja wa Paris aliyekuwa na mkusanyo wa mawe mazuri. Akashika fundo la fuwele za kalisiti ili alitazame vema. Likamponyoka, likaanguka sakafuni. Fuwele moja, yenye umbo la nguzo ya pande sita, ikavunjika.

Mtu mwingine angaliona haya tu na kuomba radhi. Haüy aliinama, akaokota kipande, akatazama mahali palipovunjika. Akastaajabu. Jiwe halikuvunjika ovyo kama chungu kinavyovunjika. Lilikuwa limepasuka kwa uso laini unaong'aa kama kioo, nao ulikuwa umeinama kwa namna ya peke yake. Mwenye mkusanyo hakukasirika. Akampa kipande kile akichukue.

Aliporudi chumbani mwake, Haüy alichukua kisu na nyundo, akajaribu kuendelea kupasua. Jiwe likakubali kupasuka pande fulani tu, na pande nyingine likakataa. Alipokwisha kuondoa vipande vyote vya nje, mkononi mwake kilibaki kiini kidogo chenye nyuso sita. Kila uso ulikuwa na pande nne zenye urefu mmoja, lakini pembe zake hazikuwa sawa: mbili zilikuwa pana, karibu digrii 102, na mbili nyembamba, karibu digrii 78. Umbo la namna hii huitwa rombasi.

Akachukua fuwele yake iliyochongoka kama jino la nguruwe. Alikuwa ameinunua kwa fedha yake kidogo, lakini aliivunja. Ndani yake akakuta kiini kile kile, kwa pembe zile zile. Akavunja ile bapa, na hapo tena akakuta kiini kile kile. Akavunja fuwele zake za kalisiti moja baada ya nyingine, na zote zikatoa jibu moja. Kwa nje zilitofautiana, lakini kwa ndani zilikuwa ndugu.

4. Mraba, rombasi na ndugu zao

Si kila fuwele ina kiini cha rombasi. Haüy alipopasua chumvi ya mawe, alipata mchemraba, yaani umbo lenye nyuso sita za mraba, kama sanduku lenye urefu, upana na kimo kilicho sawa. Mtu akiitazama chumvi ya kupikia kwa kioo cha kukuzia, ataona kwamba chembe zake nyingi ni michemraba midogo sana.

Mraba na rombasi ni ndugu, maana kila mmoja ana pande nne zenye urefu mmoja. Lakini tabia zao si moja. Mwenye kutaka kujua tofauti yao achukue karatasi mbili, moja ikatwe kwa mraba, nyingine kwa rombasi, kisha azikunje.

Mraba ukikunjwa katikati ya pande zake, kutoka juu hadi chini, nusu moja hulala juu ya nyingine bila kuzidi. Ukikunjwa katikati, kutoka kushoto hadi kulia, ni vivyo hivyo. Ukikunjwa kutoka pembe moja hadi pembe ya mbele yake, nusu hizo hulingana tena, na kwa pembe mbili nyingine hulingana pia. Basi mraba una mikunjo minne iliyo kamili. Kila mkunjo huo huitwa mstari wa ulinganifu, maana upande mmoja unalingana na wa pili kama uso wa mtu na sura yake katika kioo.

Rombasi haiko hivyo. Ikikunjwa katikati ya pande zake, ncha hutokeza nje, nusu mbili hazikubaliani. Lakini ikikunjwa kutoka pembe hadi pembe, hukubali. Rombasi ina mistari miwili tu ya ulinganifu.

Mstatili, kama ukurasa wa kitabu, nao una mistari miwili. Lakini mistari yake hupita katikati ya pande, wala si katika pembe. Hapo watu wengi hudanganyika. Mstatili ukikatwa kwa kisu kutoka pembe hadi pembe, hutoa pembetatu mbili zilizo sawa kabisa. Lakini ukikunjwa pale pale, pembetatu hizo hazilaliani. Kuwa sawa kwa ukubwa hakutoshi. Kila sehemu lazima iwe mahali panapoelekeana na mwenzake.

Msambamba wenye pande mbili ndefu na mbili fupi, na pembe zilizoinama, hauna mstari wa ulinganifu hata mmoja. Nayo trapeza, yenye juu nyembamba na chini pana kama ndoo inavyoonekana kwa ubavu, ina mstari mmoja kama mbavu zake mbili zimeinama sawasawa. Kama mbavu hazifanani, haina kitu.

Haüy alitaka wanafunzi wake waone mambo haya kwa macho na kuyashika kwa mikono. Kwa sababu hiyo maumbo ya fuwele yalichongwa kwa mti, makubwa kuliko mawe yenyewe, ili mwanafunzi aweze kuyageuza mkononi na kuhesabu nyuso, kingo na pembe zake.

5. Nyumba ya matofali

Lakini swali moja lilibaki. Kama kiini cha ndani ni kimoja, maumbo mengi ya nje yanatoka wapi?

Haüy alilijibu kama mwashi anavyojenga. Aliwaza kwamba fuwele imejengwa kwa chembe ndogo mno, ndogo kiasi ambacho jicho haliwezi kuziona, na zote zina umbo moja. Zimepangwa safu juu ya safu, kama matofali yanavyopangwa yakiwa tayari kuchomwa. Safu zote zikiwa na matofali kwa hesabu moja, lundo hubaki na umbo la mchemraba. Lakini kama kila safu ya juu inapunguza mstari mmoja wa matofali kwa kila upande, lundo hupanda kwa ngazi mpaka kilele. Mtu aliye karibu huziona ngazi. Aliye mbali sana huona ubavu laini ulioinama. Ndivyo ilivyo katika fuwele: ngazi ni ndogo mno, hata jicho huona uso laini tu. Na kama safu zinapunguza mistari miwili badala ya mmoja, ubavu huinama kwa namna nyingine. Kwa matofali ya namna moja, nyumba nyingi zaweza kujengwa.

Haüy hakukaa kwa kuwaza tu. Alijifunza hesabu ya maumbo, ingawa alikuwa karibu na umri wa miaka arobaini, akakadiria jinsi kila uso unavyopaswa kuinama, kisha akapima jiwe lenyewe. Mara nyingi hesabu na jiwe vilikubaliana.

Wengine hawakupendezwa. Mtaalamu mmoja mashuhuri, Romé de l'Isle, aliyekuwa amepima fuwele nyingi kabla yake, alimfanyia mzaha na kumwita mvunja fuwele. Lakini Daubenton na Laplace, wataalamu wakubwa wa Paris, waliisikiliza habari yake, wakamtia moyo aipeleke mbele ya Akademia ya Sayansi. Alikwenda mwaka 1781. Mwaka 1783 akapokelewa awe mmoja wao, na mwaka 1784 akatoa kitabu chake cha kwanza juu ya ujenzi wa fuwele. Mwana wa mfumaji sasa alikaa pamoja na wenye elimu kuu, nao walikuja katika chumba chake shuleni ili awafundishe.

6. Gerezani

Mwaka 1789 Mapinduzi yalianza katika Ufaransa. Mfalme aliondolewa katika enzi yake mwezi wa Agosti 1792. Serikali mpya ilikuwa imewadai mapadri wale kiapo, na wale waliokataa walihesabiwa kuwa adui. Haüy hakula kiapo kile, kwa sababu dhamiri yake ilimkataza.

Basi watu wenye silaha wakaja chumbani mwake mwezi ule wa Agosti. Walitafuta bunduki, hawakuiona. Wakakuta makaratasi yaliyojaa hesabu, wakayachukua. Wakapindua mkusanyo wake wa fuwele, kazi ya miaka mingi, ukatawanyika. Kisha wakampeleka Saint-Firmin, nyumba ya waseminari karibu na shule yake, iliyogeuzwa kuwa gereza. Humo wamefungwa mapadri wengi, na Padri Lhomond naye alikamatwa.

Haüy hakulia wala hakugombana. Aliomba aletewe visanduku vyake vya fuwele, akaanza kuzipanga tena, kila moja mahali pake, kana kwamba yumo chumbani mwake.

Nje ya gereza alikuwapo kijana wa miaka 20, jina lake Geoffroy Saint-Hilaire, mwanafunzi aliyempenda. Kijana yule alikwenda kwa Daubenton na kwa wataalamu wengine wa Akademia, akawaomba wamwokoe mwalimu wake. Wakaenda kwa wakubwa, wakapata karatasi ya kumfungua. Geoffroy akaipeleka mbio mpaka Saint-Firmin. Ilikuwa jioni. Haüy alimshukuru, lakini akaona hakuna haraka. Akataka kungoja mpaka kesho. Hakujua hatari iliyokuwa njiani. Asubuhi yake ilibidi karibu kumvuta atoke. Lhomond pia alifunguliwa, kwa msaada wa mtu aliyekuwa mwanafunzi wake zamani.

Baada ya siku chache tu, mwanzoni mwa Septemba, wauaji waliingia katika magereza ya Paris. Huko Saint-Firmin waliuawa mapadri zaidi ya 70. Usiku ule kijana Geoffroy alisimamisha ngazi ukutani, akiweka maisha yake hatarini, na mapadri 12 wakaponea hapo. Baadaye Geoffroy mwenyewe akawa mtaalamu mashuhuri wa wanyama.

7. Kilo na barua

Haüy alirudi kwenye kazi. Siku zile Ufaransa ilitaka kupata vipimo vipya, maana kila mkoa ulipima kwa namna yake, na wanyonge waliibiwa sokoni. Haüy na Lavoisier, mtaalamu mkuu wa kemia, wakapewa kazi ya kujua uzito wa maji safi yanayojaa mchemraba wenye sentimita 10 kila upande. Waliifanya mwaka 1793. Wengine waliirudia kazi ile kwa vyombo bora zaidi mwaka 1799. Hiyo ndiyo asili ya kilo inayotumika leo katika maduka ya dunia karibu yote.

Lakini mwezi wa Novemba 1793 Lavoisier alitiwa gerezani. Watu wengi waliokuwa rafiki zake walinyamaza kwa hofu. Haüy, padri ambaye mwenyewe alikuwa ametoka gerezani, aliandika barua pamoja na mwenzake Borda, kuomba Lavoisier afunguliwe ili kazi ya vipimo iendelee. Kwa padri wa siku zile, kutia sahihi barua ya namna hiyo kulikuwa kujitia machoni pa wauaji. Barua haikusaidia. Lavoisier alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794. Haüy hakuguswa.

8. Sheria ya ulinganifu

Miaka ya fujo ikapita. Haüy aliwekwa awe mtunzaji wa mawe katika Shule ya Madini ya Paris. Mwaka 1801 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya madini, na mwaka 1802 akawa mwalimu katika bustani ile ile alikoingia zamani kumsikiliza Daubenton. Serikali ya Napoleon ilimwagiza aandike kitabu cha fizikia kwa ajili ya shule, akakitoa mwaka 1803.

Mwaka 1815, alipokuwa na umri wa miaka 72, alieleza vizuri jambo aliloliona katika maelfu ya fuwele. Aliliita sheria ya ulinganifu. Maana yake ni hii: katika fuwele, sehemu zinazofanana hutendewa kwa namna moja. Mchemraba una pembe nane, zote zinafanana. Basi kama pembe moja ya mchemraba wa fuwele imekatwa na uso mdogo, kwa kawaida pembe saba nyingine nazo zimekatwa vivyo hivyo.

Lakini kiini cha kalisiti, chenye nyuso za rombasi, hakina pembe nane zinazofanana. Ziko pembe mbili, zinazoelekeana, ambapo pembe pana tatu zinakutana. Pembe sita nyingine zimechanganyika: pana moja na nyembamba mbili. Kwa hiyo fuwele ya kalisiti yaweza kukatwa pembe zile mbili tu, na sita zikabaki nzima, wala sheria haivunjwi. Mchemraba una usawa mwingi, kama mraba wenye mikunjo minne. Kiini cha kalisiti kina usawa mchache, kama rombasi yenye miwili. Tangu hapo wenye kutafuta madini walianza kuyatambua kwa ulinganifu wake, si kwa rangi tu, maana rangi hudanganya. Kalisiti yenyewe, ambayo kwa kawaida ni nyeupe, huonekana ya waridi katika migodi ya Katanga kwa sababu ya kobalti iliyomo. Lakini ukiipasua, inatoa rombasi zile zile.

Haüy alikosea pia. Alipenda sana hesabu nyepesi, akazitegemea kuliko kipimo. Mwaka 1809 Wollaston, mtaalamu wa Uingereza, alitengeneza chombo kipya cha kupima fuwele kwa nuru. Kilionyesha kwamba kipimo cha Haüy kwa kalisiti kimepotoka zaidi ya nusu digrii. Haüy hakutaka kukubali. Lakini wanafunzi wa fuwele waliomfuata wakashika kipimo kilicho sahihi, na sheria yake ya ulinganifu ikadumu.

9. Siku za mwisho

Alipozeeka, heshima haikumgeuza. Alikuwa kanoni wa heshima wa kanisa kuu la Notre-Dame, akavaa mavazi yale yale ya kizamani. Inasimuliwa kwamba siku moja njiani aliwakuta askari wawili wazee wakitaka kupigana. Akauliza sababu ya ugomvi wao, akawapatanisha, na ili awe na hakika kwamba hawatapigana tena, akaenda kunywa pamoja nao.

Mdogo wake, Valentin Haüy, alikuwa ameanzisha shule ya vipofu huko Paris, ile ambayo baadaye ilimpokea mtoto Louis Braille mwaka 1819. Valentin alikaa Urusi miaka mingi, akarudi mwaka 1817, mzee na maskini. René Just naye alikuwa amenyang'anywa pensheni yake utawala ulipobadilika, lakini alimkaribisha ndugu yake nyumbani.

Valentin alikufa mwezi wa Machi 1822. Mwaka ule ule René Just alianguka chumbani, akavunjika mfupa wa paja. Aliumwa sana wiki kadhaa, huku akiendelea kutengeneza kitabu chake kichapwe upya. Akafa mwezi wa Juni 1822, mwenye umri wa miaka 79. Ndugu hao wawili wamezikwa katika makaburi ya Père-Lachaise, Paris.

Mawe yake yaliuzwa Uingereza, lakini Ufaransa iliyanunua tena mwaka 1848. Jina lake limeandikwa pamoja na ya wataalamu wengine 71 katika mnara wa Eiffel. Na mwaka 1912, miaka 90 baada ya kifo chake, wataalamu walipitisha miali ya eksirei ndani ya fuwele. Hawakuona matofali kama alivyodhani Haüy. Waliona dalili za atomu. Lakini atomu zile zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, kwa utaratibu usiochoka, kama padri yule alivyofahamu siku alipoinama sakafuni kuokota kipande cha jiwe.

Maswali
1. Baba wa Haüy alifanya kazi gani? Nani waliomfundisha Haüy kwanza?
2. Jiwe lililoanguka lilivunjika namna gani? Kwa nini Haüy alistaajabu?
3. Mraba una mistari mingapi ya ulinganifu? Rombasi je?
4. Mstatili ukikatwa kutoka pembe hadi pembe hutoa pembetatu mbili sawa. Kwa nini basi mstari ule si mstari wa ulinganifu?
5. Geoffroy alimfanyia nini mwalimu wake? Na Haüy alimfanyia nini Lavoisier?

Kazi
Kateni karatasi kwa mraba, mstatili, rombasi, msambamba na trapeza. Zikunjeni. Chini ya kila umbo andikeni hesabu ya mistari yake ya ulinganifu. Kisha yeyusheni chumvi katika maji kidogo, mwage maji hayo katika sahani, yaacheni yakauke polepole, mkatazame chembe zinazobaki.